Kimya cha Msumari

Jumatatu, 3 Machi

Jumamosi mbili sasa ukurasa wa mashairi umetoka bila Msumari. Miaka sita sikukosa hata wiki moja. Niliandika nikiwa na homa, niliandika siku tatu baada ya kumzika baba. Leo nimekaa mezani kuanzia saa kumi alasiri hadi saa moja kasorobo. Mishororo: sifuri. Habari ya ghala lililoungua nimeiandika asubuhi kwa dakika ishirini na mbili, haikurudishwa hata kwa nukta. Kwa hiyo mkono mzima, kichwa kizima.

Ni woga. Niuandike hapa ulivyo, maana sijamwambia mtu.

Tarehe 11 Februari tulichapisha habari ya dawa za watoto zilizokwisha muda, zikabandikwa tarehe mpya pale hospitalini. Jina langu juu. Aliyenipa habari nilimwita "mfanyakazi" — sikutaja idara, cheo, wala kama ni mwanamke au mwanamume. Kazi safi. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, kwa lakabu yangu ya Msumari, nikatoa shairi juu ya jambo lile lile. Ubeti wa tatu ukanipungukia mizani nane. Nikaijaza:

Aliyeona kwa macho, miwani yenye kiuzi.

Ikakaa kama mfuniko juu ya chungu chake. Nilifurahi! Nilimsomea mke wangu mara mbili.

Mtunza stoo ya dawa hufunga miwani yake kwa kiuzi cha kijani, isidondoke akiinama kwenye rafu za chini. Hospitali nzima ni yeye peke yake.

Jumatano iliyofuata wakamsimamisha kazi.

Katika habari nilimficha. Katika shairi nikamtoa nje mchana kweupe, kwa sababu ya mizani nane.


Jumatano, 5 Machi

Mama Mkasi kanifuata hadi mezani kwangu. Ndiye mhariri wa ukurasa wa mashairi. Jina hilo alipewa na washairi aliowakata beti. Ofisini wanaojua kuwa Msumari ni mimi ni wanne, naye ni mmoja wao. Nani aliyenipa habari ya dawa, hajui. Hajui mtu ila mimi.

"Baba, ukurasa wangu una pengo la jino. Watu wanacheka, linaonekana."

Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema kazi nyingi ninazo tangu alipoajiriwa, na hiyo ni miaka kumi na minne.

Kisha akaweka karatasi mbele yangu. Chiriku. Yule fundi saa ambaye tumejibizana naye kwenye ukurasa huu tangu mwanzo, sijawahi kumwona uso. Safari hii kanitega swali:

Msumari nijulishe, huyo wa kiuzi nani?

Hana nia mbaya. Kwake ni fumbo tu, na fumbo lina mwenyewe wa kulifumbua. Lakini desturi ya ukurasa wetu inajulikana: ukiulizwa kwa shairi unajibu kwa shairi, vina vile vile, idadi ya beti ile ile, ndani ya Jumamosi mbili. Ukinyamaza umeshindwa.

Nilimwomba Mama Mkasi aliweke kando.

"Mizani imetimia, vina vimetimia. Nilizuie kwa kosa gani? Nipe sababu."

Sababu ninayo. Kuitoa ndiko kumtaja.


Jumamosi, 8 Machi

Shairi la Chiriku limetoka. Ukurasa wa kumi na tisa, juu kabisa, ndani ya kisanduku.

Kwa kinyozi walikuwa wanne na gazeti moja. Mmoja alisema Msumari kaota kutu. Mwingine akasema hapana, amekanywa na mkewe. Kinyozi mwenyewe, wembe uko shingoni mwangu, akasema yeye anavyoona huyo mwenye miwani yupo kweli, na Msumari kajua kalikoroga. "Mtu haogopi kitu alichokitunga, au vipi mzee?"

Nikasema sifahamu mambo ya mashairi.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu yote, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anasahihisha hesabu za wanafunzi wake. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Si wewe uliyeripoti mafuriko ukiwa umekaa juu ya paa, maji yanakwangua ukuta?"

Safari ile nilikuwa na paa, nikamjibu.

Hakucheka. Alifunga daftari.


Jumapili, 9 Machi

Mtunza stoo amepiga simu saa nne asubuhi, kwa simu ya dada yake. Alikuwa hajanipigia tangu asimamishwe. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea.

Hakutukana. Alieleza kwa mpangilio kama mtu anayesoma orodha ya rafu. Kamati itamsikiliza tena Jumatatu ijayo, tarehe 17. Ushahidi hawana, wana shairi tu. Yeye kawaambia miwani yenye uzi ni ya watu wengi, na mshairi anajisemea. Basi mwanasheria wa hospitali akatoa magazeti, akayapanga mezani, akamwambia: Msumari yupo kila Jumamosi, miaka sita. Wiki uliyosimamishwa wewe, hayupo. Iliyofuata, hayupo. Kama ni maneno ya kujisemea tu, mbona kakimbia?

"Kaka," akasema, "uliposema uliniumiza. Unaponyamaza ndipo unanimaliza."

Nikamuuliza anataka niandike nini.

"Mimi nahesabu makopo, kaka. Ya kuandika unayajua wewe. Jumamosi hii uwepo tu, na umjibu huyo ndege wenu kama mtu asiye na wasiwasi."

Ana watoto wawili. Hakuwataja yeye, nawataja mimi.

Shairi linapokelewa mwisho Alhamisi saa tisa alasiri.


Jumatatu, 10 Machi

Nimejaribu kabla ya kwenda kazini, nimejaribu wakati wa chakula cha mchana, nimejaribu baada ya kazi.

Mpango ulikuwa rahisi: nibuni mtu. Nimwambie Chiriku kwamba mwenye kiuzi ni bibi mmoja wa kufikirika, ana bakora, ana kofia ya sufu. Nikiandika bakora, najiuliza: nani pale hospitalini anatembelea bakora? Nikiandika kofia — nani anavaa kofia? Nikafuta kofia nikaweka mwanya. Nikafuta mwanya. Kila neno likija naona mtu anaitwa ofisini, anafungiwa mlango, anaambiwa keti.

Mapigo ya moyo: tisini na sita kwa dakika, nimekaa kitini, nimehesabu kwa saa ya ukutani. Juu ya lile paa sikuhesabu, lakini nakumbuka niliandika kwa mwandiko unaosomeka.

Mke wangu amepita nyuma yangu akaona karatasi.

"Sifuri tena? Mwanafunzi wangu akileta hivi, namwambia aonyeshe njia."

Njia ndiyo sina.


Jumanne, 11 Machi

Hakuna.

Saa tano Mama Mkasi kapita. Alinionyesha vidole viwili — siku mbili.


Jumatano, 12 Machi

Leo nimeamka na jambo moja. Miaka ishirini na tisa sijawahi kukaa mezani nikingoja habari inijie. Naifuata. Sasa kwa nini shairi nilingoje kama barua?

Mtunza stoo aliiambia kamati kwamba miwani yenye uzi ni ya watu wengi. Ni kweli? Hakuna aliyekwenda kuhesabu.

Nimekwenda. Saa tatu na dakika kumi hadi saa tano na nusu, foleni ya posta, halafu benki, halafu soko la viatu. Daftari mfukoni. Watu wenye miwani: themanini na mmoja. Walioifunga, kuiunga au kuiganga kwa chochote: kumi na saba! Fundi viatu — waya wa shaba, ameuzungusha mara nne. Mama muuza vitambaa, uzi mwekundu wa cherehani. Mlinzi wa benki, kamba ya kiatu. Mwalimu mstaafu aliyetumia gundi hadi kioo kimoja kikaingia ukungu. Nilipomuuliza anaonaje, alisema jicho hilo huwa analipumzisha. Mmoja kwenye foleni ya posta kakosa skrubu, kachomeka pini ya nguo kwenye miwani, upande wa sikio la kulia. Nikamkanyaga kwa kumwangalia. Akanipisha mbele: "Pita mzee, mimi sina haraka."

Nilirudi kwa miguu. Kabla sijafika kwenye taa za barabarani, mshororo wa kwanza ulikuwa umeshakuja, mzima, bila kuitwa:

Chiriku nikukumbushe, nyuzi zajaa mjini.

Nilisimama, nikaegemeza daftari kwenye ukuta wa watu, nikaandika. Beti tano kwa dakika arobaini. Vina vya Chiriku vile vile, -she na -ni. Kila mtu wa kweli, kila uzi wa kweli. Unatafuta mmoja, bwana? Chukua kumi na saba.

Mke wangu kasoma akiwa amesimama. Akasema, "Ehee." Kwa mwalimu wa hesabu hiyo ni alama kubwa.

Mapigo: sabini na nne.


Alhamisi, 13 Machi

Saa nane na dakika arobaini na mbili. Naandika haraka.

Nilikabidhi saa nane na robo. Mama Mkasi alisoma kama kawaida yake, anahesabu mizani kwa vidole juu ya meza. Kwa fundi viatu alicheka. Kwa mwalimu mstaafu alipiga meza. Alifika ubeti wa tano, mshororo wa pili:

Foleni nikuoneshe, pini ipo sikioni.

Vidole vikasimama. Akainuka, akafunga mlango.

"Baba, huyu wa pini namjua. Yupo mapokezi pale hospitalini. Ndiye aliyemwandikisha mama yangu mwezi uliopita — pini hiyo hiyo, sikio hilo hilo." Akashusha sauti. "Kumbe ndiye aliyekupa habari?"

Nikasema siye. Sijawahi kuongea naye zaidi ya kumkanyaga.

Akatabasamu. Akanigusa bega, akasema ananielewa, mimi si mtu wa kumtaja mtu.

Hakuniamini! Miaka kumi na minne tunafanya kazi pamoja, hakuniamini. Jumatatu kamati itaniamini vipi?

Nikamwomba dakika kumi. Ameenda kwa wapanga kurasa kuwatuliza.

Nayaandika yalivyo. Likitoka hivi, watamwacha mtunza stoo na kumgeukia mtu wa mapokezi. Pengine watamrudisha mtunza stoo kwenye rafu zake. Nikiutoa mshororo, ubeti unapungua, na ubeti pungufu Mama Mkasi hachapishi, hata kwa ndugu yake. Shairi lisipotoka, ni Jumamosi ya nne. Mwanasheria ataongeza gazeti moja mezani.

Nimejaribu kuweka mwingine mahali pake. Mlinzi wa benki: kamba ya kiatu inazidi mizani. Mama wa vitambaa yupo tayari ubeti wa pili. Nimejaribu kubuni. Haiji. Ni kama Jumatatu: nabuni, naona mtu anaambiwa keti. Wa pini peke yake ndiye anayeingia sawasawa, nane kwa nane.

Saa nane na dakika arobaini na tisa. Namba ya dada yake mtunza stoo imeita mara mbili. Sijapokea.

Yule bwana sikumuuliza jina. Sikumuuliza anafanya kazi wapi. Mwandishi wa mwaka wa kwanza angeuliza.

Hamsini na mbili. Navisikia viatu vya Mama Mkasi kwenye korido. Shairi liko hapa kando, ubeti wa tano juu. Kalamu ni hii moja, na bado inaandika huku, si kwenye ubeti.