Mgongo Wangu Umekandwa Nje ya Ndoa

Bi Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijampoteza mke wangu kwa sababu ya mgongo, na tafadhali usicheke, maana rafiki yangu niliyemweleza alicheka mpaka akakaa chini, na mimi sina hali ya kuchekwa.

Mimi ni fundi vigae, kazi yangu ni kupiga magoti na kuinama kutwa nzima, na mke wangu ni mkandaji, anafanya masaji kwenye spa moja kubwa hapa mjini, ile yenye kila kitu, chumba cha mvuke, mawe ya moto, mataulo meupe, muziki wa maji yanayotiririka, na wateja wanagombania mikono yake, wengine wakiambiwa leo hayupo wanageuza gari wanarudi kwao. Sasa fikiria mwenyewe, mume wa mwanamke kama huyo anatembea amepinda kama msumari uliogongwa vibaya! Mafundi wenzangu wananiuliza kama mke wangu ananikanda kwa simu au vipi.

Lakini wao hawamwoni anavyorudi jioni. Anashindwa hata kufungua chupa ya maji, anakaa jikoni, anatia mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, vidole gumba vimevimba. Tulipokuwa bado wachanga kwenye ndoa alikuwa ananikanda, basi siku moja akasinzia mikono yake ikiwa mgongoni kwangu, nikabaki nimelala kifudifudi sisogei nisije nikamwamsha, nikajiambia huyu mwanamke sitamwomba tena. Na kweli sikumwomba. Akiniambia, "Njoo nikuguse huo mgongo," namjibu, "Siumwi, pumzika wewe." Naumwa mpaka machozi yananilenga, lakini namjibu hivyo kwa sababu nampenda, Bi Mshauri, nampenda sana, na sikujua njia nyingine ya kumpumzisha.

Basi mwaka huu nikapata kazi ya kuweka vigae kwenye spa nyingine, upande wa pili wa mji, na pale yupo mkandaji mmoja mzee wanamwita Kiwiko, maana vidole vimemchoka siku hizi anakanda kwa viwiko. Akaniona nikiinuka kwa kushika ukuta, akasema, "We fundi, weka mwiko chini ulale hapa, kabla hujaniangukia." Nikalala. Wee! Nilipoinuka nilihisi kama nimerefuka. Kazi ya vigae ikaisha lakini mimi nikawa narudi kwake kila wiki, kwa kujificha, navua fulana nalala pale roho ikinisuta kana kwamba nipo kwa hawara.

Sasa sikia balaa. Chini ya bega langu la kushoto kulikuwa na fundo gumu la tangu zamani, mke wangu alilijua tukiwa bado wachumba, akalipa jina Mpangaji, kwa sababu haliondoki na kodi halilipi. Wiki mbili zilizopita, jioni moja, binti yetu akaangusha kiatu, nikainama nikakiokota, nikainuka bila kuguna. Mke wangu akanitazama. Akaja nyuma yangu kama anayetaka kunikumbatia, kidole gumba kikaenda moja kwa moja chini ya bega, kikatafuta, kikatafuta tena.

"Mpangaji yuko wapi?"

"Sijui. Labda kahama."

"Nani amekukanda?"

"Hakuna mtu! Nimebadilisha mto tu."

Bi Mshauri, mto wenyewe nilikuwa sijaununua, ikabidi nikaununue kesho yake. Yeye bado alikuwa ananipapasa polepole, huku na huku, kisha akasema, "Huyu anaijua kazi. Na hukulala mbele yake mara moja tu." Akaenda zake kuosha vyombo.

Tangu hapo hagombi, wala hanuni. Angenuna ningejua pa kuanzia. Ananisemesha kwa ile sauti ya kazini, sauti ya wateja. "Karibu chakula. Maji ya kuoga yana joto la kutosha? Jisikie huru." Ananiambia nijisikie huru ndani ya nyumba yangu! Na amesema wikiendi hii anakwenda kwa dada yake na mtoto, kupumzika. Nikamuuliza mtarudi lini, akasema, "Tutawasiliana," vilevile wanavyowaambia watu pale mapokezi.

Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemwaibisha, mume wa mkandaji hodari kuliko wote anakwenda kukandwa kwa washindani, wenzake watamcheka mchana kweupe. Nikinyamaza, ataamini nina mwanamke. Kwa hiyo nimeamua kumrudisha Mpangaji. Nimeacha kwenda kwa Kiwiko, nabeba maboksi ya vigae kwa bega moja, nalala sakafuni, ili siku akinigusa akute fundo liko mahali pake, mambo yaishe. Limeshaanza kurudi, lakini mke wangu hanigusi tena. Nifanye nini?

Ni mimi, Mume Aliyepinda

*

Marahaba, fundi. Unisamehe, nimecheka. Nimecheka pale kwenye mto, kisha nikafika kwenye hiyo "jisikie huru" nikaacha kucheka.

Kwanza inuka hapo sakafuni, leo hii, na hayo maboksi yabebe kama mtu mwenye akili timamu. Barua za waume wanaoficha makosa ninazo tele. Lakini mume anayejivunja mgongo ili aonekane hana kosa? Wewe ni wa kwanza. Ulitaka mkeo akute fundo afanye nini, apige vigelegele kwamba mumewe anaumwa tena?

Na hiyo aibu ya wenzake kumcheka ni yako wewe, usimbandike yeye. Wakandaji wanajua kuliko mimi na wewe kwamba mikono inachoka.

Uliona vidole vyake vimevimba ukaingiwa na huruma. Hapo nakupongeza kwa moyo wote, wapo waume ambao wangepita jikoni hapo wakauliza chakula kiko wapi. Lakini fundi wangu, huruma yenyewe uliipanga peke yako, mwenye mikono hukumshirikisha. Hivi uliwahi kuvuta kiti ukakaa karibu na lile beseni, ukaishika hiyo mikono ukaisugua? Nimeisoma barua yako mara mbili, sijaona mahali. Mikono yako wewe ina nini?

Hebu nikuambie mkeo anachokijua. Alikuita, ukamkatalia. Akakuita tena, ukamkatalia. Siku alipokuja mwenyewe bila kukuita, akakuta kuna mtu uliyemkubalia. Hata akijua ni mzee mwenye viwiko, bado patamchoma, kwa sababu kuna mtu ulimwonyesha unapoumwa, na mtu huyo hakuwa yeye. Ndiyo maana anakusemesha kama mteja. Wewe ulianza.

Sasa usingoje wikiendi. Leo akirudi, akute maji yapo tayari, na chumvi umeitia wewe. Hotuba acha. Mshike mikono, anza na vile vidole gumba, ukikosea atakuelekeza, hawezi kuvumilia kazi mbaya. Halafu umwambie yote, spa ile, Kiwiko, maboksi, sakafu. Mto usiuruke! Akicheka, cheka naye. Akilia, usimwachie mikono. Akiamua kwenda kwa dada yake hata hivyo, mfuate huko huko ukayaseme mbele ya shemeji yako, na uvumilie kutazamwa. Mkishapatana, mpeleke kwa huyo mzee alale yeye safari hii, wewe ubaki na mtoto.

Na akikuambia tena mgongo wako auguse, lala chini, fundi. Hata kama amechoka. Akikanda kidogo akasinzia, basi asinzie hapo hapo. Mji mzima unamlipa ili awaguse. Wewe peke yako anakugusa kwa kupenda. Usimnyime tena.