Kushoto ni Kuongeza

Papa,

Ni wiki ya sita tangu tukuzike. Sijalia bado. Watu wa kanisa wananitazama usoni, naona wanangoja, nami sina cha kuwapa. Nakula, naoga, nalala. Basi.

Kiti chako pembeni ya kompyuta, hapa chumbani Berea, sasa anakikalia Serge, mwalimu wa kwaya. Tunarekodi nyimbo za kumaliza matanga yako, tumtumie Bibi kule Uvira, maana mama yako hakuweza kuja kukuzika. Jana Serge alishika kile kibutoni chetu cha kuzungusha, akageuza kulia aongeze sauti. Sauti ikapotea. Akageuza tena. "Eish, hii kitu imekufa," akasema, kisha akaziba mdomo.

Haijafa, Papa. Unakumbuka? Mikono yako ilipoanza kutetemeka, kipanya cha kompyuta kikakushinda, nikakununulia kibutoni pale Marshalltown. Wewe ukakizungusha kama gurudumu la cherehani: kuja kwako, kushoto. Kila ukitaka kuongeza sauti, unapunguza! Nikakuelekeza mpaka nikachoka. Ukasema, "Maisha yangu yote nimeshona. Ukizungusha huko, uzi unakatika." Kichwa ngumu wewe. Nikafungua faili ya mipangilio kwenye Linux ya kompyuta yetu, nikabadili mstari mmoja: kushoto ni kuongeza. Ukaringa wiki nzima.

Serge ameniomba nirudishe kama watu wote walivyozoea, maana nyimbo zinatakiwa Jumapili. Nikafungua faili. Kuufuta ule mstari nimeshindwa. Nimeuwekea tu alama ya reli (#) mwanzoni, na mstari wenye alama hiyo kompyuta inauruka, haiusomi. Lakini upo.

Serge akajaribu, sauti ikapanda. "Sharp, iko sawa," akasema, akaenda zake.

Nikabaki kusikiliza peke yangu. Sauti za besi zilikuwa chini. Nikanyoosha mkono niziongeze, mkono ukageuza kushoto. Zikafifia. Nikageuza tena, kushoto, mpaka zikazimika kabisa. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nakufundisha. Nikakaa hivyo, kidole juu ya kibutoni. Machozi hayakuja.

Pumzika, Papa. Nyimbo nitazimaliza, Bibi atazisikia Jumapili, hata kama kila mara nitaanza kwa kukosea. Na ule mstari siufuti.

Mwanao,
Neema