Pacha wa Ndizi

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kwa hamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba miguu haikuvimbi tena kama ulivyolalamika mlipoanza zamu za wodini. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia, na anasema ukimaliza kozi yako ya ukunga usimletee zawadi, ujilete mwenyewe na dawa ya kuchua. Shemeji alipita na lori lake Jumapili iliyopita, akakaa saa nne tu, na saa zote nne binti yenu alikuwa mgongoni mwake, hata wakati wa kunywa chai.

Chiriku mwenyewe ni mzima kabisa. Anaamka akiongea na analala akiongea. Sasa anahesabu mpaka ishirini, ila kumi na nne huiruka. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba hiyo ni ya watu wazima. Nywele zake nimezisuka mwenyewe, si vizuri kama wewe, lakini hakulia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu, Dada, wewe hunikatiza, ukaniita Profesa, ukanichekesha, nami nikishacheka siwezi tena kusema nililokusudia. Karatasi hainichekeshi. Kuna mwanamke kazini kwetu ambaye nusura apoteze kazi kwa sababu yangu, na ukishasoma mpaka mwisho kuna jambo juu yangu itabidi uliamue. Nakuomba usirukie mwisho.

Unakumbuka nilivyokupigia simu kwa furaha nilipofanywa msaidizi wa meneja pale supamaketi. Kichwa kilinivimba, sikatai. Nilitaka ionekane haraka kwamba kuna mtu aliyesoma amekuja. Nikaanza na ndizi.

Pale kwetu matunda hayapimwi kwa keshia. Mteja anapimiwa palepale kwenye matunda, anabandikiwa stika ya bei, ndipo aende kulipa. Anayepima ni mama mmoja mnene, mwenye sauti inayofika mpaka stoo, na wafanyakazi wote tunamwita Mama Mizani. Amekaa kwenye mizani hiyo miaka kumi na saba. Alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Mtoto akililia ndizi kabla haijapimwa, humwambia mzazi ampe tu, asije akawapasua watu masikio, bora ganda lirudi kwake. Akishalipata ganda, huchagua kwenye lundo ndizi nyingine ya ukubwa uleule, akaiweka kwenye mizani pamoja na zile zilizobaki, akatoa stika, kisha akairudisha kwenye lundo. Ndizi hiyo huiita pacha. Nimemsikia mara nyingi akimwambia mtoto aliyejaza mashavu kwamba pacha wake anamsalimu na anauliza mbona amemla ndugu yake.

Mimi sikuona cha kuchekesha. Kila asubuhi tulipima kreti za ndizi zikiingia, na kila jioni, tukijumlisha zilizouzwa na zilizobaki, uzito ulikuwa pungufu. Niliandika ripoti ya kurasa sita kuonyesha kwamba kilichopungua kimeishia matumboni mwa watoto. Meneja aliipenda. Tukachapisha tangazo kwa herufi kubwa: MTOTO ASILE CHOCHOTE KABLA YA KULIPIWA. Tukalibandika kwenye matunda, kwenye biskuti na kwenye maziwa, na wafanyakazi wakaambiwa kwamba atakayeruhusu mtoto ale atachukuliwa hatua. Mama Mizani alisimama mbele ya tangazo, akauliza nani ameliandika. Alipoambiwa ni mimi, alisema limeandikwa vizuri sana, ila mwandishi hajawahi kusukuma toroli lenye mtoto mwenye njaa ndani.

Zilifuata wiki mbili za vilio. Baba mmoja, alipoonyeshwa tangazo na keshia, alimwambia mwanawe ateme biskuti kiganjani, akamnyooshea keshia kiganja na kumuuliza kwa upole kama anaihitaji bado. Watu kwenye foleni walicheka mpaka wakashika matumbo. Niliwaona hawana nidhamu.

Kisha ikaja Jumamosi. Asubuhi hiyo walitutembelea wakubwa wawili kutoka makao makuu, na meneja alikuwa akiwazungusha dukani. Penye matunda, kando ya toroli, alikuwa amesimama mtoto wa kike wa miaka minne, peke yake, na nusu ya ndizi mkononi. Mlinzi wetu, yule wanayemwita Komando ingawa anaogopa hata mende, alitaka wakubwa wamwone anafanya kazi. Alimshika mtoto kifundo cha mkono, akapaza sauti kuuliza mtoto huyu ni wa nani. Hakuna aliyejibu. Akauliza mara ya pili. Mtoto alianza kutetemeka kidevu.

Hapo Mama Mizani aliacha mizani, akaja anasukuma watu kwa makalio yake, akasema mtoto ni wake, aachiliwe mkono. Komando akamuuliza kwa kejeli, kwa umri ule, amemzaa lini. Akajibiwa kwamba amezaliwa jana jioni baada ya kufunga mizani, na kama anataka cheti afuate leba. Wateja walicheka. Wakubwa hawakucheka. Meneja aliona aibu: mfanyakazi wake mwenyewe ameleta mtoto kazini na kumlisha ndizi isiyopimwa, chini ya tangazo. Saa tano asubuhi hiyohiyo Mama Mizani alivua koti la kazi na kurudishwa nyumbani asubiri kikao cha nidhamu siku ya Alhamisi.

Jumapili nilikwenda kwake. Anapanga chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, na cherehani hiyo husikika ukutani kama mtu anayegonga bila kuchoka. Nilimkuta anapiga pasi koti lake la kazi. Alinikaribisha stuli, akanimiminia chai, na hakuniuliza lile ambalo nilikuwa nimejiandaa njia nzima kuulizwa. Aliniuliza tu kama mtoto alilala vizuri.

Kisha akanifundisha. Aliniambia, mwanangu, kusoma umesoma, lakini ndizi huzijui. Ndizi zetu huoshwa alfajiri na kupimwa zikiwa bado zinatiririka maji. Zikishakauka, na zikikaa kutwa nzima karibu na dirisha lile la jua, uzito lazima upungue hata asipite mtoto hata mmoja. Aliniambia nifunge kreti moja stoo, niipime asubuhi na niipime jioni. Nilimuuliza mbona hakusema siku zote. Akasema nilikuwa sijamuuliza, nilikuwa nimemchapishia.

Nilifunga kreti Jumatatu, Jumanne na Jumatano, ufunguo mfukoni mwangu. Kila jioni ilikuwa imepungua zaidi ya kilo, na hakuna aliyeigusa. Watoto wote niliowaandika kwenye kurasa sita walikuwa hawana hatia. Nilikaa juu ya kreti tupu nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Dada, mpaka hapa nimekueleza kila kitu isipokuwa chenyewe. Mtoto yule alikuwa Chiriku.

Nilikuwa mapumziko siku ile. Jirani anayebaki na Chiriku ninapotoka alikuwa amesafiri, nikamchukua mtoto twende tununue vitu vya nyumbani. Tulitoka bila kifungua kinywa kwa sababu nilichelewa kuamka. Tulipofika kwenye matunda alianza kulia njaa, si kudeka, njaa hasa. Nilitazama kulia na kushoto, nikanyofoa ndizi kwenye kichane, nikaimenya. Niliimenya mimi, kwa mkono huu unaoandika, chini ya tangazo langu. Nikamwonyesha Mama Mizani ganda kwa mbali, naye akakubali kwa kichwa, na akaanza kunitafutia pacha. Wakati huohuo meneja aliniona, akaniita nije nitambulishwe kwa wakubwa kama kijana aliyebuni utaratibu mpya. Nilimwambia Chiriku asimame hapo, nikaenda.

Nilikuwa hatua sita kutoka kwake Komando alipouliza mtoto ni wa nani. Chiriku alilijua jibu. Alinyoosha kidole kwangu. Nami, Dada, niligeuza uso, nikasoma boksi la sabuni kwenye rafu. Nakumbuka kila neno lililoandikwa pale. Mama Mizani alikuja akasimama katikati, kwenye njia ya kidole chake, na kila mtu akadhani anamwonyesha yeye. Baadaye nilimkuta nyuma ya duka amempakata kwenye ngazi, akimfundisha kupiga mluzi.

Njiani kurudi nyumbani Chiriku hakuongea. Unaweza kupima mwenyewe ubaya wa jambo hilo. Tulipokaribia mlangoni aliniuliza, Mamdogo, ulinisahau? Nikamwambia ndiyo, nilimsahau kidogo. Hata hilo nilimdanganya.

Alhamisi kikao kilifanyika ofisini kwa meneja. Nilianza na hesabu za kreti. Nakiri kwamba nilitumaini zingetosha, kwamba ningemwokoa Mama Mizani kwa kilo na gramu huku mimi nikibaki safi. Na kweli meneja alishtuka, akasema tangazo litaondolewa. Lakini akaongeza kwamba kosa la kumleta mtoto kazini linabaki palepale, akasukuma mbele barua ya onyo la mwisho. Ukishakuwa na barua hiyo, kosa dogo lolote linakutoa kazini. Mama Mizani hakubisha. Alivaa miwani, akachukua kalamu, akauliza asaini wapi.

Nilisikia sauti yangu ikisema asisaini. Nilisema mtoto ni wangu. Meneja alinikumbusha kwamba mimi sina mtoto. Nikasema ninaye, dada yangu alimzaa, mimi ni mama yake mdogo, ndizi niliimenya mimi, na nilimkana mbele ya watu kwa kuogopa kuchekwa. Nilisema bila kupumua, kama mtu anayemwaga ndoo. Mama Mizani akavua miwani, akasema afadhali, maana ule uzazi ulikuwa unamchosha.

Barua ile ilichanwa. Cheo changu nacho kimeondoka, angalau kwa miezi sita. Nimerudi kaunta, nakaa kwenye kiti cha keshia, na mshahara umerudi ulipokuwa. Usinihurumie. Nimejifunza mengi kwenye kiti kile kuliko nilivyojifunza nikitembea na faili. Juzi mama mmoja alinipa pakiti tupu ya biskuti, makombo yamemjaa mtoto kidevuni, akaanza kuomba radhi kabla sijasema kitu. Nilipitisha pakiti kwenye mashine na kumuuliza mtoto kama zilikuwa tamu. Alifikiri, akasema moja ilivunjika. Na kwenye matunda pacha wanapimwa tena, safari hii kwa ruhusa ya meneja, na ndizi zinasubiri zikauke kabla ya kupimwa asubuhi. Komando ameombwa aulize wazazi kabla ya kushika mikono. Anasema kazi imekuwa ngumu.

Alhamisi hiyohiyo, niliporudi mchana, nilimkalisha Chiriku kwenye kibaraza nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba siku ile dukani sikumsahau. Nilimwona, nilikiona kidole chake, na nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Akaniuliza kama nilimwogopa yule mlinzi. Nikasema hapana, niliogopa watu watanicheka. Halafu akasema yeye pia huogopa kuchekwa, siku akijikojolea chekechea, lakini mwalimu akiuliza kiti hiki ni cha nani, yeye husema ni changu.

Nilimwomba msamaha, naye akaniuliza kama kuna uji.

Sasa Dada, nakuachia wewe. Umebakiza miezi mitano huko, na ulinikabidhi mtoto ukiamini kwamba nitakuwa wewe mpaka urudi. Ukiona ahamie kwa Mama, nitamfungia nguo zake na kumpeleka mwenyewe, wala sitaleta maneno. Ukiona abaki, nitashukuru, na sitajifanya kwamba sikustahili kuulizwa. Mimi ningependa abaki. Nalisema wazi ili usije ukadhani nimechoka naye. Usiku huniwekea mguu tumboni, na asubuhi hunisimulia ndoto zake zote, na nyingine nadhani huzitunga palepale. Nimezizoea. Ukitaka kumuuliza yeye mwenyewe, piga simu Jumapili, nitampa simu na kutoka nje, mwongee wawili.

Mama anakusalimu, ila haya bado hajayajua. Nitamwambia nikishapata jibu lako, asije akaniamulia yeye. Mama Mizani naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Anasema kama kozi yako ni ya ukunga basi uje umsaidie, kwani Komando bado anamdai cheti cha kuzaliwa. Wasalimie wenzako wa bwenini, na ujitunze miguu.

Chiriku amechora mchoro chini ya karatasi hii. Anasema mrefu ni wewe, mwenye magurudumu ni baba yake, na yule anayeshikana mkono na yeye mwenyewe ni mimi. Nimemuuliza mara mbili ili niwe na uhakika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mama mdogo wa Chiriku.