Ng'ombe Mwekundu wa Karnavali ya Bagira

Jumatatu, 5 Februari

Hesabu darasa la tano. Daftari arobaini na nane za kusahihisha. Kisha gundi. Nimebandika tabaka la tatu la karatasi kwenye pembe za maski yangu ya ng'ombe. Ya kushoto bado inalegea.

Nje ya kikundi chetu, mume wangu peke yake ndiye anajua kama ng'ombe mwekundu wa karnavali ni mimi. Shuleni hakuna anayejua. Mwaka wa kumi na tisa sasa.

Barua imefika. Komite moja ya utamaduni inatupa diplome ya heshima Jumapili hii, katika sale moja ya mikutano kule Ibanda, katikati ya mji. Papa Cirhuza, prezida wa kikundi, ameisoma mara tatu kwa sauti. Yeye alikuwa mwanafunzi wa mwalimu mmoja Muhaiti aliyeanzisha karnavali hii zamani. Amelia. Mimi sikulia. Tulistahili tangu zamani.

Jumatano, 7 Februari

Bwana wa protokole wa ile komite amepiga simu. Waje watu sita tu, wavae vizuri. Bila maski. Bila tarumbeta za mianzi. Eti maski zinafanana na mambo ya uchawi, na wakubwa watakuwa pale.

Nimekasirika sana. Diplome ya karnavali bila karnavali!

Papa Cirhuza anataka tukubali. "Mama, nimezeeka. Nipate tu hiyo karatasi." Namuhurumia. Lakini sikubali.

Alhamisi, 8 Februari

Nimeshuka Ibanda baada ya masomo. Nimevaa kikwembe changu cha misa.

Bwana wa protokole aliniuliza bila haya: "Maman, hii mambo ya Karibe, siye inatuhusu nini?"

Nikamwambia alichosema yule mwalimu kwa wanafunzi wake: kule kwao Haiti, watu wanapuliza mianzi barabarani, na wazee wao walisema babu zao waliitoa Kongo, walipouzwa utumwani. "Hakuleta kitu kigeni, papa. Alirudisha."

Alifunga kalamu yake, akaifungua.

"Wimbo moja. Dakika tano."

"Na maski?"

"Na maski, maman."

Na watu wote ishirini na wawili, nikaongeza nikiwa mlangoni. Hakukataa. Nilishuka ngazi kama mwenye nyumba.

Ijumaa, 9 Februari

Ma soeur direktrisi, mtawa mkuu wa shule yetu, amealikwa. Ataketi mbele. Kwake mwalimu ni mutu wa kutembea polepole, si wa kucheza barabarani. Ndani ya maski hatanijua. Nimelala mchana, vizuri.

Jumapili, 11 Februari

Tulitoka mtaani kwetu Bagira kwa miguu saa tatu asubuhi. Katikati ya njia, mvua. Si manyunyu. Mvua yenyewe, na hakuna pa kujificha.

Karatasi ililainika. Pembe ilianguka, kisha pua. Simba wa muuza makala ya kupikia akawa uji. Papa Cirhuza akasimama barabarani. "Turudi. Tutaonekana wapumbavu."

Niliogopa, naandika kweli. Nikavua ng'ombe, nikamweka kando ya mtaro. Rangi nyekundu ilinishuka mpaka shingoni.

"Mianzi haiogopi mvua, papa. Twende."

Wakavua wote, mmoja mmoja. Muuguzi wa maternite, anayezalisha. Katekista. Muuza makala. Watu walitoka kwenye milango wakituita kwa majina. "Maman Nsimire! Ni weye?" Ni miye.

Bwana wa protokole alipotuona bila maski alitabasamu. Alifikiri tumemtii. Nikamuacha na furaha yake.

Tulipuliza. Kila tarumbeta ina sauti yake moja tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuimba peke yake. Dakika tano zilipita zamani, hakuna aliyetusimamisha. Papa Cirhuza alipokea diplome, akataja majina yetu yote ishirini na mawili, bila kusoma popote. Kwa jina langu, ma soeur alisimama.

Baadaye akaja moja kwa moja. Nilijipanga kusikia neno baya.

"Basi ni wewe ulinikimbiza kwa marshe, kati ya wauzaji, mwaka jana?"

"Ni miye, ma soeur."

"Nilipoteza kiatu!"

Akacheka mpaka akashika kiti.

Jumanne, 13 Februari

Siku ya mwisho ya karnavali. Tumezunguka Bagira yote, nyuso wazi. Miguu inauma. Niko na furaha kubwa.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Misa ya asubuhi. Majivu kwenye paji la uso. Darasani, hesabu. Watoto walinitazama tu kidogo zaidi.

Wakati wa mapumziko, Maman Zawadi wa darasa la tatu alikuja karibu yangu. Mutu mpole, hasemi sana. Aliuliza kikundi kinakutana siku gani.

Nikamwambia Jumamosi, saa nane, aje na shati la zamani, kwa sababu ya gundi.

Akaitika kwa kichwa. Tukamaliza chai.