Ubao Uliopikwa na Maharagi

Goma, Jumanne

Haukuvunjika! Ubao wa mwisho wa ile merikebu yangu ndogo ya matanga, ya mfano wa kuweka mezani, umepinda, ukashika mviringo wa mbele.

Kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, tunachonga mbao nene, hatupindi. Ndiyo maana zile nyembamba zilikuwa zinanipasukia. Leo nimeuweka ubao juu ya mvuke wa sufuria ya maharagi mpaka ukalainika.

"Sasa unatupikia mbao, papa?" akacheka Muzee, mwenye atelye hii ya kutengenezea chukudu. Lakini ni yeye aliyesema nikimaliza merikebu nitaacha kubeba magogo, nitakaa na mafundi.

Nikamwonyesha. Akaupapasa, akaupapasa tena, akawaambia mafundi, "Huyu mutu wa Vitshumbi, kule kwa wavuvi wa ziwa! Mumupatie kiti."

Mabega bado yananiuma. Lakini magogo ya kesho, mutu mwingine atayabeba.