Nahodha Hakuwa Mwoga, Baba Zaituni

Baba Zaituni,

Neno mpendwa nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelifuta, kwa hiyo tuanze bila hilo. Hali yako pia sikuulizi. Mtu aliyelala chini ya Ziwa Viktoria miezi mitano haulizwi hali. Nakuandikia kutoka Ilongero, kwenye nyumba ile ile uliyoona haya kuwaonyesha marafiki zako, nikueleze yaliyotokea ulipoondoka. Tabia yako ilikuwa hiyo siku zote: kuondoka kabla jambo halijaisha, ukatuachia sisi ufagio.

Watu bado wanakulilia. Wanamkumbuka tajiri wa mafuta ya alizeti aliyekuja Idi na gari jeupe akagawa kanga mbele ya msikiti. "Alikuwa mtu wa watu," wananiambia. Nami nawaitikia, maana mjane hana ruhusa ya kucheka. Nimekuwa mkeo miaka ishirini na sita na huyo mtu wa watu sikubahatika kukutana naye.

Ninayemkumbuka ni yule wa mashine ya kukamua kwa mkono. Mimi nasukuma mpini mpaka viganja vinatoka malengelenge, wewe unadandia lori kwenda Shelui kuwauzia madereva mafuta kwenye chupa za maji. Jioni unarudi unanisimulia ulivyowapiga maneno: dereva wa Burundi hivi, dereva wa Kahama vile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani mdomo mtamu ni akili. Sijilaumu sana. Wengi wenye umri mkubwa kuliko wangu walidhani hivyo hivyo.

Ikaja mashine ya umeme, ikaja ya pili, ukajenga mjini Singida, kisha ukahamia Mwanza ukaoa mke mdogo. Kwa kuoa sikukuchukia. Dini imekuruhusu, na ukitaka ukweli, nilipumzika. Nilianza kukudharau siku ile ulipoleta wageni nyumba ya mjini, wale wanaume watatu wenye suti. Niliingia na sinia la wali na kuku. Mmoja akauliza kwa heshima, "Na huyu mama ni nani?" Ukajibu bila hata kuinua macho: "Ni mama wa kazi, anatusaidia hapa nyumbani." Nikaweka sinia chini, nikawakaribisha, nikarudi jikoni. Ulinifuata baadaye ukaniambia eti ulikosea kusema. Hukukosea. Kama ungekosea, ungerudi ukawaambia wao.

Na ile siku ya baba yako mdogo, umesahau? Mzee alitembea kutoka shambani kuja kukuona. Ulikuwa umekaa ndani ya gari, kioo kimefunguliwa nusu. Ukamtazama tu, unangoja. Mzee wa watu akakuangalia, wewe ukamwangalia. Mwisho akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika hapa, akageuka. Mtu mzima na ndevu zako ulikuwa unasubiri baba yako mdogo akupe shikamoo.

Basi, ukanunua boti. Mtu wa Ilongero, uliyekulia kwenye vumbi, ambaye maji mengi uliyowahi kuyaingia yalikuishia kiunoni. Kuogelea hujui. Lakini ulishaona matajiri wa Mwanza wana boti, na wewe usingelala bila boti.

Siku ile nilikuwa shambani napiga alizeti, simu nimeiacha ndani. Nilipoingia nikakuta umenitumia meseji ya sauti. Ninaijua kwa moyo sasa: "Mama Zaituni, hupokei simu? Niko huku ziwani nacheka mpaka mbavu zinauma. Nahodha wangu mzima anaogopa upepo. Eti saruji imezidi, eti tusubiri mpaka kesho. Nimemwambia chombo ni changu, kama unaogopa nipe funguo nimtafute mwanaume. Na mimi mwenyewe napanda, nione huo upepo unaomtisha." Halafu ukacheka. Nami nikasonya, nikaenda kuosha miguu.

Habari ikafika kesho yake asubuhi. Boti lilizama kabla halijafika visiwani. Mabaharia watatu wamekufa, na akina mama wawili wachuuzi wa dagaa waliokuwa wameomba kupanda. Miili yao ilipatikana. Wako haujapatikana mpaka leo. Tukakusomea dua bila maiti, nikakaa eda.

Nikiwa ndani ya eda, akaja mgeni juu ya bodaboda, mwanaume wa makamo, mkono mmoja umefungwa bandeji. Akakaa mlangoni kwenye kigoda, akanipa pole, kisha akasema, "Mama, mimi ndiye nahodha. Naitwa Magesa. Nimetoka kwa dhamana. Wanasema nimewaua."

Akanieleza. Ndugu yako Hamisi ameandikisha polisi kwamba nahodha alikuwa amelewa na kwamba wewe ulimsihi asiondoke. Fundi wa injini, ambaye ndiye pekee aliyepona pamoja naye, anasema hivyo hivyo.

"Nilimwambia bosi mara tatu," alisema. "Mara ya tatu akanitukana mbele ya vijana wangu. Nikaona aibu, mama. Nikawasha injini. Kosa langu ni hilo, na kwa Mungu nitalijibu. Lakini pombe sijawahi kuonja."

Nikamuuliza ulikufaje. Akainua ule mkono wenye bandeji.

"Aliniita jina langu. Nilimshika mkono huu hapa, tukawa juu ya dumu moja. Mawimbi yalipotupiga kwenye mbao, mkono ukateguka. Sikumwachia, mama. Mkono ndio ulioachia."

Unasikia, Baba Zaituni? Huyo ndiye uliyetaka kumtafutia mwanaume wa kushika nafasi yake.

Nikaingia ndani nikachukua simu, nikamwekea sauti yako. Ulipofika pale pa kucheka, Mzee Magesa alivua kofia akajifunika nayo uso. Hakuniomba chochote. Alishukuru kwa maji, akaondoka.

Jioni nikampigia Zaituni nikamweleza. Alikuja kesho yake kutoka mjini, hajalala, macho yamevimba. Unajua alivyokupenda yule mtoto. Hata mimi sikukuharibia jina kwake, miaka yote nilikuwa nakuombea udhuru kwake: baba ana kazi, baba yuko safari.

"Mama, futa hiyo sauti," aliniambia.

"Nikifuta, yule mzee anafungwa."

"Na usipofuta, baba anakuwa muuaji! Amekufa, mama. Hana hata kaburi. Mwachie basi jina lake."

"Na wale akina mama wawili wana watoto. Nao wataambiwa nini?"

Akalia. Akaniambia kwamba nalipiza kisasi cha uke wenza. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba ni uongo wote. Nilikaa nalo siku mbili. Nikajiuliza: kama ungekuwa mume mwema, ningeipeleka hii sauti? Jibu sikulipata. Lakini yule mzee hakuwa na muda wa kungoja mimi nisafike moyo.

Hamisi naye alikuja, amejaa hekima. "Shemeji, uko eda. Mwanamke wa eda anasafirije hadi Mwanza? Utatuletea laana." Mtu ambaye Ramadhani nzima huwa ana vidonda vya tumbo, ghafla amekuwa mlinzi wa dini! Nikamtuma kaka yangu kwa mwalimu wa madrasa, akauliza. Mwalimu akajibu kwa ufupi: mjane hutoka kwa dharura, na haki ya mtu ni dharura. Nikavaa nguo zangu za eda, kaka akanisindikiza, tukapanda basi.

Kituoni Mwanza, kwenye chumba cha polisi wanaochunguza ajali, walikuwepo Hamisi, mke wako mdogo, yule fundi wa injini, na ndugu za waliokufa wamejazana kwenye mabenchi. Afisa alikuwa kijana, akaniamkia shikamoo kabla ya kuniuliza lolote. Nikampa simu. Akabonyeza.

Sauti yako ikajaa chumbani. Ulikuwa na sauti nzuri, hilo sikunyimi. Kila neno lilisikika. Na ulipocheka, mzee mmoja kwenye benchi la nyuma, aliyepoteza binti, alisimama akatoka nje taratibu huku ameshika ukuta. Sijawahi kuona haya kwa ajili ya mtu kama nilivyoona kwa ajili yako dakika ile. Fundi wa injini akasimama, akasema anaomba kuandika maelezo upya. Hamisi alitazama viatu vyake. Mke wako mdogo alilia, nikamshika bega. Naye ulimdanganya, masikini.

Mzee Magesa alifutiwa mashtaka wiki tatu baadaye. Kuendesha chombo amesema basi.

Huku nyumbani wapo walioacha kunisalimia. Wanasema nimemzika mume wangu mara ya pili. Hamisi amenikataza kukanyaga kwake, adhabu ambayo naivumilia vizuri tu. Kilichoniumiza ni Zaituni. Hakupiga simu wala kujibu mpaka eda ikaisha.

Juzi akaja. Akaingia, akanipa shikamoo, akachukua ungo akakaa karibu yangu tukapepeta uwele. Baadaye akauliza, macho yakiwa kwenye ungo:

"Mama, hakuna hata jambo moja zuri la baba unaloweza kuniambia?"

Nikatafuta. Nilipekua miaka yote mpaka nikaona machozi yanamlenga.

Nikamwambia kwamba ni wewe uliyefanya nisimzae yeye njiani. Mvua zilikuwa zimechanganya, korongo limejaa, uchungu umenishika saa tisa alasiri na zahanati iko ng'ambo. Wanaume wengine walisema tusubiri maji yapungue. Wewe ulivua viatu, ukanibeba mgongoni, ukaingia kwenye yale maji ambayo ulikuwa unayaogopa kuliko mtu yeyote, unatetemeka miguu yote miwili, na unanilaumu njia nzima kwamba ni mzito. Ukanifikisha. Ukakaa nje ya zahanati umelowa mpaka uliposikia mtoto analia.

Zaituni aliniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya pili alicheka pale uliponilaumu, na mimi nikajikuta nacheka naye.

Kwa hiyo hilo moja nimemwachia mwanao. Mengine yote, Baba Zaituni, kaa nayo huko huko.

Mimi, mkeo wa Ilongero,
Mama Zaituni