Mbegu za Muhogo Zimeota

Kibaha, Jumatano, Novemba 1953. Usiku yalipita manyunyu, asubuhi jua likatoka na ukali wake wote. Nina furaha mpaka chai imenishinda.

Zimeota!

Nianze vizuri, maana mkono unakimbia kuliko akili. Tangu nitoke chuoni nimeajiriwa katika maabara ya mimea hapa Kibaha, msaidizi wa Daktari, Mwingereza mmoja mrefu anayetafuta muhogo usioshikwa na batobato, ule ugonjwa unaokunja majani na kuwaachia wakulima mihogo kama vidole. Amechavusha maua ya muhogo kwa unga wa maua ya mti wa mpira, ndugu yake wa mwituni asiyeugua. Mbegu zikapatikana. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuziotesha.

Mama alipoisikia kazi hiyo alicheka hadi akakaa chini. Kwetu Kibuta muhogo hupandwa kwa pingili. Mbegu yake nani ameiona? Akawatangazia majirani kwamba mwanawe kasoma miaka yote ile ili aje kuiozesha mihogo kwa mti wa mpira, na yeye mama mtu hajaambiwa mahari inakwenda kwa nani. Nilicheka naye, ila moyoni iliniuma.

Iliniuma zaidi kwa sababu mbegu hazikuota. Kasha la kwanza lilioza. La pili likaoza. Daktari akaniambia, bila hasira, kwamba likiharibika na la tatu, ambalo ndilo la mwisho, atanihamishia Dar es Salaam kwenye ofisi ya kupima kopra, nazi zilizokaushwa. Huko nako ni kazi, sikatai. Lakini sikusoma mimea ili nikashike mizani. Niliitaka hii hapa, niliitaka kwa wivu, na niliiona inanitoka mikononi.

Kumbe nilikuwa naziua kwa mapenzi.

Nilizitunza mbegu zile kama mtoto mchanga wa kwetu, ambaye hatolewi juani kabla ya arobaini. Nilizilaza katika mchanga safi wa Ruvu, kwenye kona yenye kivuli kuliko zote, nikizimwagia maji asubuhi na jioni. Daktari alipita, akaona zilivyotunzwa, akaridhika.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kibuta kumwona dada yangu Mwanahawa, aliyekuwa amejifungua. Nilipoingia chumbani jasho lilinitoka kabla sijamaliza salamu. Dirisha limefungwa, chini ya kitanda kuna kigae cha makaa. Nikanyoosha mkono nifungue dirisha.

"Thubutu!" Mama akanizuia. "Weye unataka kutuulia mtoto? Katoka kwenye joto la mama yake, leo umtie baridini? Mtoto hufichwa jua, mwanangu, hafichwi moto."

Niliuondoa mkono dirishani. Mbegu zangu nilizipa kivuli. Moto sikuzipa.

Nilirudi Kibaha kwa baiskeli siku hiyohiyo. Asubuhi nikamwomba Daktari ruhusa ya kulipandisha kasha la mwisho juu ya paa la bati la stoo, penye jua la kutwa, limefunikwa gunia lililoloweshwa maji lisikauke.

"Utazikaanga," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

Nikamjibu kwamba kivulini zinaoza kwa hakika, na juani pengine zitaota. Akafikiri kidogo. Akasema haya, ila zikiungua ni juu yangu.

Mzee Kondo, karani wetu, kila nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama dagaa wangu wamekauka. Nilimwambia mchumia juani hulia kivulini. Maneno tu; kwa kweli niliogopa. Kila mchana bati lilipowaka nilijiona nimeshafika kwenye kopra. Nikawa napanda ngazi kulowesha gunia, nashuka, napanda tena.

Leo nimeinua gunia nikakuta mchanga umepasuka. Vishina vyeupe vimejikunja, vingine vimeshanyooka na kufungua majani mawili mawili. Sijui nilishukaje ngazi. Nakumbuka nikipiga kelele mpaka Mzee Kondo akatoka mbio, akidhani nimeumwa na nyoka.

Daktari alipanda mwenyewe, akavua kofia, akatazama sana.

"Hongera, Bwana Salehe," akasema.

Tangu nifike hapa nilikuwa Salehe tu, na siku nyingine "wewe". Nikapata ujasiri wa kumwuliza habari ya Dar es Salaam. Akacheka. Kopra watapima wengine, akasema. Mimea hii itahitaji mtu wa kuikuza, kuihamishia shambani na kuitazama kama inaugua, na mtu huyo ni mimi.

Najivuna. Naandika wazi: leo najivuna, na atakayeudhika anisamehe. Ijumaa baada ya swala nakwenda Kibuta kumwambia Mama kwamba harusi yangu imezaa.

Kabla ya kufunga maabara Daktari alinipa kibao cha kuchomeka kwenye kasha, kiandikwe jina la mwenye majaribio. Nikaandika lake, kama ilivyo kwenye makasha yote. Akakichukua wino haujakauka, akalifuta kwa kidole gumba, akanirudishia.

"Haya si yangu," akasema.

Nimeandika jina langu kamili, na la marehemu baba. Herufi zimekwenda upande, nikaziacha hivyohivyo.

Kesho ndiyo naanza kazi.